Kadi ya gari ina jina la mtu nisiyemjua, na shemeji ananiharakisha nilipe

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, mama wa watoto wawili, naishi Mbagala. Mume wangu ni fundi umeme na kazi zake ni za msimu. Tulikaa tukakubaliana nichukue mkopo kwenye SACCOS yetu, tununue gari dogo, tumpe dereva alipeleke kubeba abiria wa mtandaoni, awe anatuletea hesabu ya Sh25,000 kwa siku. Mkopo umetoka, Sh milioni 10, na makato yameshaanza kwenye mshahara. Hela ipo benki, gari bado. Kila nikipokea meseji ya mshahara uliokatwa, roho inaniuma.

Shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, ni dalali wa magari. Ametutafutia Toyota IST ya mwaka 2004, namba D, rangi ya silva, bei Sh milioni 9.5. Tulikwenda kuliona Jumamosi. Kwa macho yangu ni zuri mno: limepigwa polishi linang'aa, siti zimevalishwa kava mpya, redio ni ile ya kioo kikubwa, na kwenye dashibodi linasoma kilomita 68,000. Fundi aliyekuja na shemeji alifungua boneti, akasikiliza, akasema mashine bado mbichi.

Kinachonikosesha usingizi ni kadi. Anayeuza ni kijana wa kiume, lakini kadi niliyoonyeshwa ni picha kwenye simu yake na ina jina la mwanamke. Nilipouliza, akasema yeye alinunua kwa mtu ambaye naye alinunua kwa huyo mama, na hakuna aliyehamisha umiliki kwa sababu ya gharama. Kadi yenyewe iko kwa kaka yake Dodoma, italetwa nikimaliza kulipa. Shemeji anasema magari mengi hapa mjini yanauzwa hivyo hivyo, tutaandikishana serikali ya mtaa, kisha tutahamisha taratibu.

Nimeshatuma laki 3 kwa simu ya shemeji ili gari lisiuzwe kwa mwingine. Baada ya hapo nikaliona gari lile lile, namba ile ile, kwenye ukurasa wa dalali mwingine kwa Sh milioni 8.8. Nikamuuliza shemeji kwa upole tu. Alikasirika, akamwambia kaka yake kwamba namuona mwizi. Mama mkwe naye akapiga simu. Mume wangu anasema tusivunje undugu kwa sababu ya karatasi. Na tumeambiwa kuna mteja mwingine anakuja na hela mkononi mwisho wa wiki.

Shangazi, nilipe au nisilipe? Na nikikataa, nitaishi vipi na wakwe zangu?

Mama Wawili, Mbagala

Marahaba, mwanangu.

Usilipe. Usiongeze hata shilingi moja juu ya hizo laki 3 mpaka yule mama mwenye jina kwenye kadi awe amekaa mbele yako, kadi halisi iko mezani, na kitambulisho chake cha NIDA kinasoma jina hilo hilo. Gari linaweza kuwa zima kabisa, injini ikawa safi na bei ikawa ya haki, na bado lisiwe gari la kununua kwa sababu anayekuuzia hana cha kukuuzia.

Sheria yetu ya usajili wa magari inamhesabu mtu aliyeandikishwa kuwa ndiye mmiliki mpaka ithibitishwe vinginevyo. Na Sheria ya Mauziano ya Bidhaa, Sura ya 214, inashika kanuni ya siku nyingi kwamba, kwa kawaida, mtu asiye mwenye mali hawezi kukupa haki kubwa kuliko aliyonayo yeye. Sasa tazama mnyororo wenu. Mama aliuza kwa mtu wa kwanza, huyo akauza kwa kijana, kijana anakuuzia wewe. Mama akifariki kesho, gari lenye jina lake linaingia kwenye orodha ya mirathi na utabishana na watoto ambao hawajawahi kukuona. Akiwa na deni, mdai wake atalikuta kwenye kumbukumbu kama mali yake. Na Mungu apishe mbali, dereva wako akigonga mtu, polisi wataanza kumtafuta yule mama, naye ana kila haki ya kusema hajui gari liko wapi.

Muhuri wa serikali ya mtaa hauponyi hayo. Unaonyesha kwamba mliandikishana mbele ya mwenyekiti. Haumfanyi kijana kuwa mmiliki.

Lakini hilo la kadi kuwa Dodoma ndilo lililonishtua zaidi. Wapo wakopeshaji wengi wanaokopesha kwa dhamana ya kadi ya gari. Mkopaji anaacha kadi halisi, mara nyingi anasainishwa na mkataba wa mauziano kabisa, gari anaendelea kulitembelea. Akishindwa rejesho, mkopeshaji haendi kumsaka mkopaji, anakwenda kulisaka gari. Unaamka asubuhi unakuta bredauni mlangoni, na karatasi walizoshika zina uzito kuliko zako. Sisemi kijana huyu amefanya hivyo. Nasema mtu mwenye kadi mkononi huionyesha, na picha ya kwenye simu inaweza kupigwa siku moja kabla kadi haijawekwa rehani. Na hata wakikuletea kadi ya karatasi, tazama imetolewa lini. Kama ni mpya, ilitolewa kuchukua nafasi ya nyingine iliyoripotiwa kupotea, omba uone ile taarifa ya polisi na uulize ilipoteaje. Kadi inayosemwa imepotea wakati mwingine imelala kwenye droo ya mtu.

Kuna jambo jingine ambalo sikuliona kwenye barua yako, nalo linagusa mpango wenu wote. Gari la kubeba abiria kwa malipo linahitaji leseni ya LATRA (mamlaka ya usafiri wa ardhini), namba nyeupe za biashara badala ya zile za njano, na bima ya biashara. Hayo yote yanaombwa kwa nyaraka za umiliki. Ukinunua gari ambalo huwezi kuliandikisha kwa jina lako, litakaa nje ya nyumba wakati SACCOS inaendelea kukata mshahara. Na ukilipeleka barabarani kwa bima ya gari binafsi huku linabeba abiria, siku ya ajali kampuni ya bima itauliza lilikuwa linafanya kazi gani, na unaweza kuambiwa hudai kitu. Kwa hiyo mumeo anaposema "karatasi", mkumbushe kwamba biashara mnayoitaka inaanzia kwenye hizo karatasi.

Je, gari hili linaweza kuokolewa? Linaweza, kama maneno ya kijana ni ya kweli. Amtafute yule mama. Kama aliuza kihalali hana sababu ya kujificha. Mwende naye TRA mkiwa na namba ya usajili na namba ya chasisi, yeye kama mmiliki aombe taarifa za gari lake zihakikiwe: jina, chasisi, injini, na kama kuna kizuizi chochote. Kisha mama asaini mkataba na wewe moja kwa moja mbele ya wakili, kijana na yule mnunuzi wa kati wasaini kukiri kwamba hawadai chochote kwenye gari hilo. Mkubaliane kwenye mkataba nani analipa kodi na ada za uhamisho, maana hapo ndipo wengi hugombana. Malipo yapite benki, na jina la anayepokea liwe limeandikwa ndani ya mkataba. Yasipite kwenye simu ya shemeji. Uhamisho uanze siku hiyo hiyo. Hilo neno "taratibu" ndilo lililozalisha mnyororo unaokusumbua leo. Kabla ya yote hayo, ingiza namba ya gari kwenye mfumo wa polisi wa usalama barabarani, TMS, uone kama lina faini zisizolipwa.

Wakikwambia mama hapatikani, kahamia nje, kagombana nao, simu yake haiiti, basi shukuru umejua mapema na uondoke.

Sasa gari lenyewe. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ulivyolieleza ndivyo linavyopambwa gari ili mnunuzi aangalie pale muuzaji anapotaka aangalie.

Anza na hizo kilomita 68,000. Gari la mwaka 2004 limepita miaka 20. Ukigawanya, linakuwa limetembea chini ya kilomita 10 kwa siku, umbali ambao haukutoi Mbagala kwenda Posta na kurudi. Yako magari yaliyotulia hivyo, ya wazee waliokuwa wanakwenda sokoni tu, lakini ni machache sana, na kilomita za dashibodi ya kidijitali zinarudishwa nyuma na mtu mwenye kifaa akiwa amekaa kwenye siti. Kwa hiyo usisome dashibodi, soma vitu ambavyo mguu na mkono wa dereva vinagusa kila siku. Tazama raba ya pedali ya breki, imelika upande mmoja? Usukani umekuwa laini na unang'aa pale mikono inaposhika? Vuta mkanda wa dereva mpaka mwisho, uone kama kingo zake zimechakaa. Inua hizo kava mpya uone siti halisi chini yake. Nikiona kava mpya kwenye gari linalouzwa, hapo ndipo nataka kuona kwanza.

Huo mkanda uliouvuta utakwambia na jambo la pili. Gari lililozama kwenye mafuriko huoshwa, hukaushwa, hupuliziwa marashi, lakini mkanda hujikunja ndani ya nguzo na ile sehemu ya mwisho haioshwi vizuri. Ukikuta mstari wa tope, funua kapeti chini ya miguu ya dereva na pale tairi la akiba linapokaa, uone kutu na mchanga. Gari lililozama linaweza kuwaka vizuri leo, kisha nyaya zikaanza kuoza ndani kwa ndani, na mumeo kama fundi umeme atakueleza kuliko mimi ugonjwa wa nyaya unavyosumbua kuutafuta.

Mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, na ukifika weka kiganja juu ya boneti. Ikiwa ya moto, limeshapashwa ili liwake bila kulalamika. Rudi siku nyingine. Ikiwa ya baridi, washa swichi bila kupiga stata, utazame taa za dashibodi. Taa ya injini na ya eabegi zinatakiwa ziwake, kisha zizimike, ya injini injini ikishanguruma. Taa isiyowaka kabisa inatisha kuliko inayowaka, maana kuna mtu amechomoa balbu au ameziba ili usijue. Likishawaka, nenda nyuma utazame moshi: wa bluu ni oili inaungua, mweusi ni mafuta yanazidi, mweupe mzito usiokwisha hata likipata moto ni maji yanaingia injini. Baadaye, injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha oili. Ukikuta utando mzito wa rangi ya chai ya maziwa, funga uende nyumbani.

Linganisha na kadi kwa macho yako mwenyewe. IST ya kwanza yenye injini ya lita 1.3 namba yake ya chasisi huanza na NCP60, na ya lita 1.5 huanza na NCP61, au NCP65 kama inavuta kwa matairi yote manne. Fundi atakuonyesha ilipogongwa kwenye bodi na mahali injini ilipoandikwa namba yake. Pitisha kidole juu ya namba ya chasisi: kama pana alama za kuchomelea, au rangi yake ni mpya kuliko chuma cha pembeni, hapo hakuna mazungumzo. Injini kubadilishwa si kosa, inatokea sana, lakini lazima mabadiliko hayo yaonekane kwenye kumbukumbu za TRA.

Na fundi awe wako. Yule aliyekuja na shemeji ni fundi wa shemeji. Anategemea kuitwa tena wiki ijayo kwa mteja mwingine, na akiharibu biashara haitwi. Tafuta fundi ambaye hamjui muuzaji wala dalali, mlipe ada yake gari likinunuliwa au lisiponunuliwa, awe na mashine ya kupima matatizo kwa kompyuta, alipandishe juu aone bushi, shokapu na kama bodi imewahi kunyooshwa. Ada hiyo ni hela utakayoifurahia maisha yako yote hata kama jibu litakuwa "acha".

Kuhusu bei, elewa soko lenyewe lilivyo. Mchumi wa Marekani George Akerlof, aliyepata tuzo ya Nobel ya uchumi mwaka 2001, aliandika mwaka 1970 kuhusu soko la magari yaliyotumika: muuzaji anajua ubovu wa gari, mnunuzi hajui, kwa hiyo mnunuzi anaogopa na kutoa bei ya kati. Mwenye gari zuri anaona bei hiyo haimfai, analiondoa sokoni. Mwenye gari bovu anaifurahia, analileta. Ndiyo maana yanayozunguka kwa madalali wengi kwa wakati mmoja yanahitaji jicho kali zaidi, na lako linazunguka. Watakaokwambia uagize Japani, waambie asante, halafu ingia kwenye kikokotoo cha kodi cha magari yaliyotumika kwenye tovuti ya TRA kabla hujamtumia mtu yeyote hela. Gari lenye umri mkubwa hutozwa pia ushuru wa uchakavu juu ya kodi za kawaida, na kodi peke yake inaweza kukushangaza.

Ile tofauti ya laki 7 kati ya dalali mmoja na mwingine, usiifanye kesi. Huenda ni cha juu cha shemeji, huenda dalali wa pili amepunguza ili avute wateja, wewe hujui na mimi sijui. Dalali anafanya kazi, anastahili kulipwa. Kosa ni pale malipo yanapofichwa ndani ya bei kwa ndugu yake mwenyewe. Mwambie wazi: "Shemeji, nataka tukubaliane udalali wako ni kiasi gani, nitakulipa mimi mwenyewe siku kadi ikitoka kwa jina langu." Hapo unampa heshima, unamhakikishia ujira wake, na unaufunga kwenye kitu unachokitaka. Shemeji mwenye nia njema atamtafuta yule mama kuliko wewe unavyomtafuta.

Usiende peke yako kumwambia haya, na usimwambie kwa simu. Kaa kwanza na mumeo, bila mama mkwe, bila watoto. Usimwambie "ndugu yako ananiibia", kwa sababu hujui hivyo na hatakusikia. Mwambie mkopo una jina lako, makato ni ya mshahara wako, na gari litakuwa na jina la mwanamke ambaye nyote wawili hamjawahi kumuona. Muulize swali moja: siku mama huyo akija kulidai, nani kati yetu atarudisha milioni 9.5? Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari, na hii bado haijawa hata mali yenu. Akishaelewa, yeye ndiye azungumze na mdogo wake. Maneno ya kaka kwa mdogo hayachomi kama ya shemeji. Mama mkwe naye aambiwe na mwanawe. Wewe msalimie kama kawaida, mpikie kama kawaida, usijitetee.

Huyo mteja wa mwisho wa wiki, mwache anunue. IST zimejaa mjini, na anayekuharakisha anakuzuia kufanya hayo yote niliyoyataja.

Laki 3 zako ziombe kwa maandishi, hata kwa meseji ya kistaarabu: "Shemeji, naomba unithibitishie kwamba laki 3 nilizokutumia za kushikilia gari bado zipo, na zitarudi kama kadi haitaonekana." Jibu lake litakuwa ushahidi wako na pia litakuonyesha umesimama na mtu wa namna gani. Zikipotea, zitauma, mwanangu, lakini usilipe milioni 9 kwa kuzilinda.

Na kesho au keshokutwa pita SACCOS, uwaulize kama unaweza kurejesha sehemu ya mkopo mapema na riba inavyohesabiwa ukifanya hivyo. Kama masharti ni mazuri, rudisha kiasi ambacho hukihitaji sasa ili makato yapungue. Hela inayobaki iache benki kwa jina lako, na mfanye upya hesabu ya hiyo Sh25,000: msihesabu siku 30 kwa mwezi, toeni siku za gereji, matairi, oili, bima, leseni, na ile wiki dereva atakayokuambia anaumwa. Mkiona bado inalipa, endeleeni kutafuta gari lenye mwenyewe.